Kamisaa wa siasa alikuwa nani hasa? Tuache kumchanganya na kamishna na mtu wa usalama

Kalamu ya Mwanzi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna kitu kimekuwa kikinikera kwenye nyuzi za historia. Mtu akikutana na neno "kamisaa" kwenye habari za Urusi ya Lenin na Stalin, moja kwa moja anamchora jamaa wa koti la ngozi, bastola kiunoni, kasimama nyuma ya askari akimsubiri atakayegeuka amlipue. Mwingine anadhani ni kamishna aliyeandikwa kwa kukosea. Wa tatu anaapa kabisa kwamba huyo ni usalama wa taifa. Nimeona nishushe uzi, maana cheo hiki kimepita hadi kwenye makambi yetu wenyewe, tena watu waliokishika wengine tunawajua vizuri.

Ukitaka kumjua kamisaa usimtazame kiunoni, mtazame mkononi. Kashika kalamu. Nitaeleza.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Urusi ya wakati ule ilikuwa na makamisaa wa aina mbili kubwa ambao hawakufanana kazi hata kidogo. Wa kwanza ni Kamisaa wa Watu, na huyo ni waziri. Basi. Wabolsheviki, chama cha Lenin, walipotwaa madaraka Petrograd mwaka 1917 walihitaji jina la kuiita serikali yao na wakubwa wake, na "mawaziri" lilikuwa linanuka utawala uliopinduliwa. Trotsky alikuja kusimulia kwamba yeye ndiye aliyependekeza makamisaa, lakini makamisaa walikuwa tayari wamejaa kila kona (hata Serikali ya Muda iliyopinduliwa ilikuwa ikiwatuma kwenda mstari wa mbele wa vita), ndipo likaongezwa "wa Watu". Lenin akalipenda kwa sababu lilikuwa na harufu ya mapinduzi. Hivyo likazaliwa Baraza la Makamisaa wa Watu, Lenin mwenyekiti, Trotsky mambo ya nje, Stalin mambo ya mataifa, na Alexandra Kollontai ustawi wa jamii, mwanamke katika baraza la serikali wakati nchi nyingi za Ulaya wanawake hawajaruhusiwa hata kupiga kura.

Jina hilo lilidumu hadi Machi 1946, Stalin alipoamua kuwa sasa dola imetulia na haina haja ya majina ya kimapinduzi. Makamisaa wa Watu wakalala makamisaa wakaamka mawaziri. Kwa hiyo ukisoma kwamba Molotov aliteuliwa Kamisaa wa Watu wa Mambo ya Nje mwaka 1939, ujue unasoma habari za waziri wa mambo ya nje, hakuna cha koti la ngozi.

Huyo tumemaliza naye. Wa pili ndiye mwenye mambo: kamisaa wa jeshini. Naendelea chini, msinikatize.

---

Saumu wa Pangani

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Ila swali la haraka kabla hujaendelea. Mama Anne Makinda mwaka 2022 alikuwa "Kamisaa wa Sensa". Naye alikuwa Mbolsheviki?

---

Kalamu ya Mwanzi

Dada Saumu umenichekesha. Hapana. Asili ya neno kamisaa ni Kilatini, na maana ya msingi ni mtu aliyepewa jukumu maalumu na aliyemtuma, anakwenda kulitekeleza kwa mamlaka ya huyo aliyemtuma. Jukumu likiisha naye kaisha. Sensa ni jukumu la namna hiyo kabisa, linakuja mara moja kwa miaka kumi. Kwa maana ya asili, Mama Makinda alikuwa kamisaa halali kuliko hao wa Stalin waliokaa ofisini miongo.

Hata Wabolsheviki hawakubuni wazo lenyewe. Wafaransa mwaka 1793 walikuwa wanawatuma wabunge wa Konventi kwenda kwenye majeshi kuwakodolea macho majenerali, kwa sababu majenerali wengi walikuwa watu wa mfalme aliyekwisha kukatwa kichwa. Lenin na wenzake walikuwa wameyasoma mapinduzi yale ukurasa kwa ukurasa.

Sasa jeshini.

Mwaka 1918 Trotsky alipewa kujenga Jeshi Jekundu wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaanza. Wafanyakazi wa viwandani wenye moyo anao. Watu wanaojua kupanga mizinga, kusoma ramani na kusogeza divisheni kwa reli hana. Wanaojua ni maofisa wa Tsar, mfalme aliyeangushwa, walewale ambao jana walikuwa wakiwapiga risasi waandamanaji. Akaamua kuwachukua. Chama kizima kilipiga kelele, yeye akawachukua makumi ya elfu, wakaitwa "wataalamu wa kijeshi", jina la kuficha aibu.

Tatizo: utamwaminije? Atakupangia shambulio, lakini usiku anaweza kuvuka na ramani zote kwenda kwa Weupe, yaani majeshi yaliyopinga mapinduzi. Wengine walivuka kweli. Dawa yake ndiyo kamisaa. Kila kamanda akawekewa mtu wa chama ubavuni. Kamanda anaandika amri ya kivita, kamisaa anatia sahihi ya pili. Amri isiyo na sahihi ya pili haifuatwi. Na sahihi ile haikumaanisha kwamba kamisaa amekagua mbinu za vita na kuzikubali (wengi walikuwa mafundi viwandani na waandishi wa magazeti, hawakujua mbinu). Ilimaanisha jambo moja: naweka dhamana kwamba huyu hatusaliti.

Ndiyo maana kamanda akisaliti, anayetafutwa wa kwanza ni kamisaa. Trotsky alitoa amri mwaka huohuo wa 1918 kwamba kikosi kikirudi nyuma bila ruhusa, anayepigwa risasi kwanza ni kamisaa, wa pili ni kamanda. Tazama huo mpangilio. Na haikuwa mkwara. Pale Sviyazhsk, karibu na Kazan, Agosti 1918, kikosi kutoka Petrograd kilikimbia na kuteka meli ili kitoroke kwa mto Volga. Kamanda wake na kamisaa wake wote wawili walipelekwa mahakama ya kijeshi na kuuawa, pamoja na baadhi ya askari. Kamisaa aliyeuawa alikuwa mwanachama safi. Habari hiyo iliwauma wanachama wenzake kwa miaka.

---

Nyundo Baridi

Mkuu, unaandika vizuri lakini naona unawasafisha. Hawa jamaa walikuwa wauaji. Kwenye sinema za vita ya pili tunawaona wanawafyatulia bunduki askari wao wenyewe kutoka nyuma.

---

Kalamu ya Mwanzi

Simsafishi mtu, Nyundo. Makamisaa walisaini hukumu za kifo, tena nyingi. Ila hilo la bunduki za nyuma tuliweke sawa, maana hapo ndipo vyeo vitatu vinapochanganywa.

Jeshi la Kisovyeti lilikuwa na *kamisaa*, mtu wa chama na siasa. Ngazi ya kombania aliitwa *politruk*, yaani kiongozi wa siasa. Pembeni yao kulikuwa na watu wa Idara Maalumu, hao ndio usalama, chini ya NKVD (polisi wa siri), na kuanzia Aprili 1943 wakaitwa SMERSH. Halafu kulikuwa na vikosi vya kuzuia askari wasirudi nyuma, vilivyoagizwa na Amri namba 227 ya tarehe 28 Julai 1942, ile ya "hakuna hata hatua moja nyuma". Mfumo wa makamisaa ulifutwa jumla tarehe 9 Oktoba 1942. Piga hesabu: hazijafika wiki kumi na moja. Sehemu kubwa na ngumu ya Stalingrad ilipiganwa jeshi likiwa halina kamisaa hata mmoja kwa cheo hicho. Lilikuwa na naibu kamanda wa mambo ya siasa, *zampolit*, ambaye hana sahihi ya pili. Yuko chini ya kamanda. Anashauri, anafundisha, anapeleka taarifa juu. Ukimnyang'anya kamisaa sahihi, unabaki na zampolit.

Na kinachochanganya zaidi, NKVD nao walikuwa na cheo kilichoitwa "Kamisaa wa Usalama wa Taifa". Hicho ni kama ujenerali wa polisi wa siri. Jina moja, mfereji tofauti kabisa.

Ukiona mtu kaandikwa "kamisaa wa batalioni" usidhani lazima alikuwa kwenye batalioni. Kuanzia 1935 hivyo vilikuwa vyeo vya begani kama meja na kanali. Kamisaa wa batalioni alikuwa karibu sawa na meja na angeweza kuwa mhariri wa gazeti la jeshi. Brezhnev aliingia vita na cheo cha kamisaa wa brigedi, makamisaa walipofutwa akageuzwa kanali.

---

Mwalimu Mstaafu Songea

Mleta mada, heshima yako. Hebu eleza kwa nini walikuwa wanamfuta na kumrudisha. Mimi nimehesabu kwenye vitabu naona anaingia na kutoka kama mgeni asiye na kwao.

---

Kalamu ya Mwanzi

Shikamoo mwalimu. Hilo ndilo swali tamu kuliko yote, kwa sababu cheo hiki ni kipimajoto cha woga wa chama.

Mwaka 1925, enzi za Frunze aliyemrithi Trotsky kuongoza jeshi, vita vimekwisha na makamanda wapya wamepikwa na chama chenyewe. Woga umeshuka, wakaanza kuelekea kamanda mmoja mwenye sauti ya mwisho. Mei 1937 Stalin anaanza kuwafyeka majenerali wake, woga umepanda, sahihi ya pili inarudi. (Haikuwasaidia makamisaa wenyewe. Yan Gamarnik, mkuu wa idara nzima ya siasa jeshini, alijipiga risasi tarehe 31 Mei 1937 baada ya kuona zamu yake imefika.) Agosti 1940, baada ya Wafini kuwaaibisha Warusi kwenye theluji, ikaonekana vita haviendi kwa sahihi mbili, mfumo ukafutwa. Julai 1941 Wajerumani wamevunja mpaka, majeshi mazima yanazingirwa, woga umerudi juu, makamisaa wamerudi. Oktoba 1942 wakafutwa, safari hii moja kwa moja.

Kilichowazika ni aibu ya Kerch, kule Crimea, Mei 1942. Stalin alimpeleka Lev Mekhlis, kamisaa wa jeshi daraja la kwanza na mtu wake wa karibu, akasimamie. Mekhlis alimkalia kooni kamanda, Jenerali Kozlov, kila kitu anaingilia, kisha mambo yalipoharibika akaandika kwa Stalin kulalamika kwamba Kozlov hafai na aletewe mwingine. Stalin akamjibu kwa ukali: unajiweka kama mtazamaji asiyehusika, na akina Hindenburg (jenerali maarufu wa Ujerumani wa vita ya kwanza) wa akiba sisi hatunao. Ndani ya siku chache zaidi ya watu 150,000 wakawa wameuawa, wametekwa au hawajulikani walipo. Mekhlis akashushwa cheo. Miezi mitano baadaye cheo chenyewe kikafutwa.

Na kuna upande wa pili ambao wapenda sinema hawauoni. Tarehe 6 Juni 1941, kabla hata vita haijaanza, makao makuu ya jeshi la Hitler yalitoa Amri ya Makamisaa: wakikamatwa watenganishwe na mateka wengine palepale na wauawe, wasihesabiwe kuwa askari. Amri ilieleza hadi jinsi ya kuwatambua: nyota nyekundu kwenye mkono wa koti, ndani yake nyundo na mundu vilivyofumwa kwa rangi ya dhahabu. Kipande cha kitambaa. Wajerumani walifuta utekelezaji wake Mei 1942, na si kwa huruma. Makamanda wao walilalamika kwamba mtu aliyejua kujisalimisha ni kufa alikuwa anapigana hadi mwisho na kuwashikilia wenzake wasijisalimishe.

Kuna picha maarufu sana ya vita ile, aliyoipiga Max Alpert Julai 1942: ofisa kainuka kutoka kwenye handaki, kainua bastola juu, kageuza shingo kuwaita walio nyuma yake. Picha inaitwa "Kombat", yaani kamanda wa batalioni. Anayeaminika kuwa ndiye aliyepigwa picha ile hakuwa kamanda wa batalioni. Alikuwa politruk wa kombania, Aleksei Yeryomenko, na aliuawa katika mapigano yaleyale. Bastola ipo, ndiyo. Ila hapo watu wake wako nyuma yake.

---

Bwana Mfinanga

Sasa hii ndiyo nondo. Na Wachina je? Nasikia kwao hadi leo wapo.

---

Kalamu ya Mwanzi

Wapo, tena wana nguvu kuliko Warusi walivyowahi kuwa. Wachina hawakumweka kamisaa kwa sababu ya maofisa wa adui. Walimweka kwa sababu waliamini jeshi lenyewe ni mkono wa chama, halitakiwi kuwa na kichwa chake. Mao alianza mwaka 1927 pale Sanwan kwa kuweka tawi la chama ndani ya kila kombania, halafu mkutano wa Gutian mwaka 1929 ukalitia muhuri.

Kwao *zhengwei*, kamisaa wa siasa kuanzia ngazi ya rejimenti, yuko sawa na kamanda. Mmoja anaongoza vita, mwingine anaongoza watu: vyeo, nidhamu, familia za askari, nani apandishwe. Jambo kubwa linaamuliwa na kamati ya chama ambamo wote wawili wamo. Jozi iliyosifika zaidi ni Liu Bocheng, kamanda, na Deng Xiaoping, kamisaa wa Divisheni ya 129 kuanzia 1938. Walielewana mpaka jeshi lao likawa linaitwa kwa majina yote mawili pamoja, jeshi la Liu-Deng. Huyo ni Deng yuleyale aliyekuja kufungua uchumi wa China. Mtu aliyekaa miaka chungu nzima akigawa mahindi, viatu na vyeo vya askari anajua nchi inavyokwenda.

---

Mwana wa Kiswishi

Bandugu, jambo. Niko Lubumbashi. Mumesahau kwetu. Wakati wa Mobutu, mawaziri wote walikuwa wanaitwa *commissaire d'État*, wabunge *commissaires du peuple*, na mkubwa wa wilaya *commissaire de zone*. Wazee huku wangali wanasema "komisere" mpaka leo. Na Mobutu hakuwa mkomunisti hata siku moja, Wamarekani walikuwa rafiki zake.

---

Kalamu ya Mwanzi

Ndugu yangu umeleta kitu kitamu. Hapo ndipo unaona cheo kinavyoweza kusafiri bila itikadi yake. Wabelgiji wenyewe walikuwa na *commissaire de district* tangu ukoloni, kwa hiyo masikio ya watu yalikuwa yamezoea. Mobutu akachukua lile la "wa watu" kwa kuwa lilikuwa na sauti ya mapinduzi, wakati chama ni kimoja na sauti ya mwisho ni yake. Kwa maoni yangu hakuna aliyelitumia kwa ujanja kumzidi.

---

Afande Bila Nyota

Mleta mada, ulisema cheo kimepita kwetu halafu umekimbilia China. Rudi nyumbani. Sisi tuliopita JKT enzi za mujibu wa sheria tunajua somo la siasa lilivyokuwa, unasinzia huku jua linakuchoma na mkufunzi anataka useme imani za TANU bila kuruka hata moja.

---

Kalamu ya Mwanzi

Shikamoo afande. Haya, nyumbani.

Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles pale Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walitaka mishahara na walitaka maofisa Waingereza waondoke. Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaita walewale Waingereza kuja kuzima maasi, jambo lililomuuma mno. Jeshi likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ, na vijana wake wakachukuliwa kupitia TANU na Umoja wa Vijana wake. Mwishoni mwa mwaka uleule S. J. Kitundu, aliyetoka kwenye ukuu wa mkoa wa Pwani, akateuliwa kuwa kamisaa wa siasa wa jeshi. Matawi ya chama yakafunguliwa makambini, askari akawa na kadi ya chama mfukoni.

Woga ni uleule wa Trotsky, jeshi usiloliamini. Ila tofauti ni kubwa. Trotsky alikuwa na maofisa wa adui, akahitaji sahihi ya pili. Nyerere alilivunja jeshi zima akaanza na vijana wa chama tangu siku ya kuapa, kwa hiyo kamisaa wake akawa zaidi mwalimu na mtu wa chama kambini. Tulikuwa karibu na mtindo wa Wachina kuliko wa Warusi, na haishangazi, maana wakufunzi wa Kichina walikuwa hapahapa.

Mnaomkumbuka Kikwete kama rais tu: kati ya 1984 na 1986 alikuwa mkufunzi mkuu wa siasa na kamisaa kwenye chuo cha maofisa Monduli. Mwaka 1992 vyama vingi viliporejea, sheria ikasema askari asiwe mwanachama wa chama chochote. Waliokuwa wamevaa kofia mbili wakachagua moja. Yeye akastaafu jeshi akiwa luteni kanali, akabaki na siasa. Ukamisaa jeshini ukaishia hapo.

---

Mukasa Jinja

Uganda bado tunao! UPDF, jeshi letu, ina Mkuu wa Makamisaa wa Siasa mpaka leo. Na Besigye, huyu mpinzani, ndiye aliyekuwa Kamisaa wa Taifa wa Siasa wa NRM ya Museveni mwishoni mwa miaka ya 80. Wengi wa rika langu ukiwaambia hawaamini.

---

Kalamu ya Mwanzi

Kabisa, Mukasa. Na mnyororo unaonekana: Museveni alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1968 akaenda kujionea FRELIMO walivyoendesha maeneo yaliyokombolewa Msumbiji, na FRELIMO walikuwa na makamisaa wao, kambi zao Kongwa na Nachingwea. Hata Chris Hani wa Afrika Kusini, aliyepita Kongwa, alikuja kuwa kamisaa wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC. Zimbabwe nao walitoka msituni na cheo chao, na ZANU-PF wangali na Kamisaa wa Taifa, ila siku hizi kazi yake ni matawi, wanachama na kura za uchaguzi. Huyo kwa Kiswahili cha CCM ungemwita katibu wa oganaizesheni.

---

Saumu wa Pangani

La mwisho nikalale. Kwenye habari za Urusi na Ukraine nasikia vijana wanaitwa "voenkomat". Ni huyuhuyu kamisaa?

---

Kalamu ya Mwanzi

Ni ukoo mmoja, Dada Saumu, lakini huyo wa leo ni karani. Voenkomat ni ofisi ya kamisaa wa kijeshi wa wilaya, ilianzishwa 1918 kuandikisha watu na farasi kwa ajili ya vita. Haina uhusiano na siasa za kikosini. Imeishi kuliko makamisaa wengine wote wa Kisovyeti. Putin alipotangaza kuita watu jeshini Septemba 2022, karatasi za wito zilitoka kwenye ofisi hizo, na kadhaa zilichomwa moto na wasiotaka kwenda. Ukraine wao walikuwa wameanza kubadilisha jina, za kwao sasa zinaitwa vituo vya eneo vya uandikishaji, ingawa mitaani watu bado wanasema voenkomat. Usiku mwema.